Kamera Nane Ukutani, Picha za Juzi Hazipo

Pita leo Kariakoo, River Road au sokoni Kongowea, uhesabu kamera zilizobandikwa juu ya milango ya maduka. Utachoka kabla hujamaliza mtaa mmoja. Fundi wa kuzifunga hatafutwi tena kwa mbali, na bei imeshuka kiasi kwamba mwenye duka la dawa, mwenye gereji na mkuu wa shule binafsi wote wanaweza kuwa na kamera nne au nane bila kukopa. Lakini tazama mazungumzo ya kununua yanavyokwenda. Mteja anauliza kamera ni ngapi, zina megapikseli ngapi, zinaona usiku umbali gani, na kama picha itafika kwenye simu yake. Mashine inayorekodi inatajwa mwishoni kama nyongeza ya muuzaji, na diski iliyomo ndani yake haiulizwi kabisa. Dai langu ni kwamba utaratibu huo umekaa kichwa chini miguu juu. Kinachonunuliwa katika mfumo wa kamera ni rekodi. Rekodi hutengenezwa na kompyuta, na kompyuta hiyo, iwe imevaa boksi jeusi la DVR au iwe kompyuta ya mezani yenye programu ya kurekodi, ndiyo ipangwe kwanza, igharamiwe kwanza na ikaguliwe mara kwa mara. Anayeanza na kamera anajipatia televisheni ya kutazamia uwanja wake, na siku ya tukio hana cha kuonyesha.

Kutazama na kurekodi ni kazi mbili zilizozaliwa nyakati tofauti. Mwaka 1942, huko Peenemünde katika pwani ya kaskazini ya Ujerumani, mhandisi Walter Bruch alifunga kamera ili wenzake waangalie majaribio ya makombora ya V-2 wakiwa mbali na hatari. Aliyefumba macho wakati huo alikosa. Kanda za VHS zilipokuja baadaye, kanda ya saa tatu ilinyooshwa ifike saa 24 au zaidi kwa kupunguza fremu, kisha ikarekodiwa juu kwa juu mpaka nyuso zikabaki ukungu. Kompyuta zilipochukua kazi hiyo, mafundi walichomeka kadi za kunasa picha zenye chipu ya Bt878, na hapo ndipo udanganyifu wa hesabu ulipoanza. Kadi yenye chipu moja na matundu manne ilizigawia kamera nne fremu 25 za kila sekunde, ambazo ndizo kiwango cha mfumo wa PAL tunaoutumia Afrika Mashariki, na kila ilipohama kutoka kamera moja kwenda nyingine ilipoteza fremu nyingine ikijipanga upya. Kila kamera iliambulia chini ya fremu 6. Mwaka 1996 kampuni ya Axis ya Uswidi ilileta Neteye 200, kamera ya kwanza kuuzwa ikiwa imeunganishwa moja kwa moja na mtandao, nayo kwa picha yake kubwa ilitoa fremu moja kila sekunde 17. Tangu hapo kamera zimepaa. Kamera ya bei ya kawaida leo hutoa fremu 25 za ubora wa juu bila jasho, na mzigo wote huo unaishia kwenye mashine iliyowekwa chini ya kaunta, kando ya ndoo ya maji ya kudekia.

Ushahidi kwamba rekodi ndiyo yenye thamani haujifichi. Mtafiti Matthew Ashby alichambua makosa 251,195 yaliyoandikishwa na polisi wa reli wa Uingereza kati ya 2011 na 2015. Picha za kamera zilipatikana kwa wapelelezi katika asilimia 45 ya makosa hayo, na pale zilipopatikana ziliwafaa katika asilimia 65. Pima namba hizo mbili. Hii ni nchi iliyojaza kamera kila kona ya vituo vya treni, yenye umeme usiokatika ovyo na bajeti ya matunzo, na bado zaidi ya nusu ya makosa hayakuwa na picha ya kutazama. Zilipokuwepo, mara nyingi zilisaidia. Si kila kosa hutendeka mbele ya kamera, na hilo ni sehemu ya maelezo ya pengo hilo. Lakini mwenye duka anayeulizwa picha za tarehe fulani hana uwezo juu ya mahali mwizi atakapochagua kupita, ilhali ana uwezo wote juu ya kama mashine yake ilikuwa inarekodi.

Nairobi ina mfano wake. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walivamia jengo la Westgate na kuua watu 67. Kamera za jengo hazikuzuia risasi hata moja. Baadaye, picha zilizokuwa zimehifadhiwa zilionyesha wanajeshi waliotumwa kuokoa wakitoka kwenye duka la Nakumatt na mifuko mikononi, na kabla ya mwezi Oktoba kwisha jeshi lilitangaza kwamba askari wawili wamefukuzwa na kufungwa kwa uporaji. Maneno yalikuwa mengi pande zote; kilichoyamaliza kilitoka kwenye diski.

Kuna pingamizi hapa, nalo ni la haki: je, kamera yenyewe haimtishi mwizi, hata ikiwa hairekodi? Wapo wanaofunga maboksi matupu yenye taa nyekundu kwa hoja hiyo. Uchambuzi wa mtafiti Piza na wenzake uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya tafiti za miaka 40, uliona kwamba maeneo yenye kamera yalipungukiwa na uhalifu kwa takribani asilimia 13. Nafuu ilionekana zaidi kwenye maegesho ya magari, na makosa ya kushambulia watu hayakupungua kwa kiwango cha kutegemewa. Kwa hiyo kamera hutisha, kidogo, mahali fulani, aina fulani ya watu. Anayetishika ni mpita njia. Mfanyakazi wa stoo anayejua kwamba mashine imezimika tangu sikukuu hatishiki, na duka linaloibiwa na mtu wa ndani linahitaji kitu kingine kabisa.

Tuanze basi na diski, maana hesabu yake ni ya darasa la saba na bado haifanywi. Kamera ya megapikseli nne kwa mpangilio wa kawaida hutuma takribani megabiti 4 kila sekunde. Gawa kwa 8 upate nusu megabaiti. Zidisha kwa sekunde 86,400 za siku nzima, upate gigabaiti 43.2. Kamera nane ni gigabaiti 345.6 kwa siku. Diski ya terabaiti 1, ambayo ndiyo huja ndani ya vifurushi vingi vya bei nafuu, inajaa kabla siku ya tatu haijaisha, na mashine bila kumwambia mtu inaanza kufuta siku ya kwanza ili ipate nafasi. Ukitumia mgandamizo wa H.265 uliotoka mwaka 2013 badala ya H.264 wa mwaka 2003, unaweza kupunguza mzigo kwa karibu nusu, na diski hiyo itafika siku ya tano au ya sita. Ukitaka siku 30 kwa megabiti 4, unahitaji terabaiti 10.4. Fundi atakuambia kuna njia ya kurekodi pale tu kitu kinapotikisika. Njia hiyo inafaa ndani ya stoo iliyofungwa. Mbele ya duka la Kariakoo kitu hutikisika mchana kutwa, na usiku wadudu wanaozunguka taa za kamera, mvua na kivuli cha mti huiamsha mashine kwa bidii ileile ambayo angeiamsha mwizi.

Siku ngapi zinatosha? Swali hili hujibiwa kwa mazoea, eti wiki inatosha, wakati jibu lake limo ndani ya biashara yenyewe: rekodi idumu kuliko muda unaokuchukua kugundua hasara. Mlango uliovunjwa unaonekana asubuhi, na siku tatu zinatosha kwa mlango. Katoni za mafuta ya kula zinazopungua moja moja zinajulikana siku ya kuhesabu mali, ambayo kwa wengi ni mwisho wa mwezi, na malalamiko ya mteja kuhusu chenji au ya mzazi kuhusu mtoto aliyepigwa shuleni yanaweza kufika baada ya wiki mbili. Mwenye duka anayehesabu mali kila tarehe 30 huku mashine yake ikibeba siku sita ameamua, bila kujua, kwamba wizi wa siku 24 za kwanza za mwezi hautakuwa na picha. Hakuna kamera ya kununua itakayobadilisha hilo. Inabadilishwa na diski kubwa zaidi, au na kalamu na daftari la kuhesabu mali kila Jumamosi, jambo ambalo pengine ni rahisi kuliko diski.

Diski nayo ina aina zake, na hapa muuzaji wa vipuri ana majaribu. Diski ya kompyuta ya kawaida imeundwa kwa mtu anayeandika barua, akafungua picha, akazima mashine jioni. Seagate, kwa mfano, hupima familia yake ya BarraCuda kwa saa 2,400 za kuwaka kwa mwaka na terabaiti 55 za kusomwa na kuandikwa. Mwaka una saa 8,760, na zile kamera nane za megabiti 4 huandika terabaiti 126 kwa mwaka; hata ukipunguza kwa nusu bado umepita kipimo. Diski za kamera, kama SkyHawk ya kampuni hiyohiyo au WD Purple ya Western Digital, zimeundwa kuwaka muda wote na kubeba terabaiti 180 kwa mwaka. Tofauti ya bei si kubwa, na bado diski kuukuu iliyong'olewa kwenye kompyuta ya ofisi ndiyo hupachikwa ndani ya DVR kwa sababu "nayo ni diski". Inafanya kazi, ndiyo. Hufanya kazi hadi sehemu zake zianze kuharibika, na diski inayokufa haifi kwa kishindo: picha ya moja kwa moja inaendelea kuonekana vizuri kwenye runinga, maana hiyo haipiti kwenye diski, wakati rekodi zina matobo ya dakika kumi hapa, saa mbili pale. Mwenye kompyuta ana faida hapa, kwani programu za bure zinaweza kumsomea takwimu ambazo diski yenyewe hujiwekea, hasa idadi ya sekta zilizohamishwa na zile zinazosubiri kuhamishwa. Namba hizo zikianza kupanda, diski ibadilishwe wiki hiyohiyo.

Baada ya diski ni umeme, na hapa mafundi wengi hulaumu kamera isiyo na kosa. Chukua lalamiko linalosikika kila mji: kamera inaonyesha vizuri mchana, ikifika magharibi inazima na kuwaka, inazima na kuwaka, mpaka alfajiri. Mteja huambiwa kamera ni feki, anauziwa nyingine, nayo inafanya vilevile. Jua linapozama kamera huwasha taa zake za mwanga usioonekana, na matumizi yake yanaweza kupanda kutoka ampea 0.2 hadi 0.5. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5 uliovutwa mita 50 kutoka kwenye adapta ya volti 12 una ukinzani wa takribani omu 3.5 kwenda na kurudi. Mchana unameza volti 0.7, na kamera inapokea 11.3, inaridhika. Usiku unameza karibu volti 1.7, na kamera inapokea 10.3, inajizima, taa zikizimika volti zinapanda, inawaka tena. Ikiwa waya ni ule wa aluminiamu uliopakwa shaba, ambao umejaa madukani kwa sababu ya bei, hali ni mbaya zaidi, maana aluminiamu hukinza umeme kuliko shaba. Dawa ni waya mnene zaidi, au adapta iliyo karibu na kamera, au kupeleka umeme kwenye kebo ileile ya mtandao kwa volti zinazokaribia 48, utaratibu uliowekewa kiwango tangu mwaka 2003. Kipimo cha multimita kwenye mkia wa waya, saa mbili usiku, kinamaliza ubishi kwa dakika moja.

Umeme unaokatika ni habari nyingine. Kompyuta iliyokatiwa umeme katikati ya kuandika huacha faili likiwa wazi, na saraka ya rekodi ikiwa imechanganyikiwa. Ikitokea mara nyingi, mashine inaweza kuwaka na kudai haina diski kabisa. Kuna wanaodhani UPS ndogo itawavusha kwenye mgao wa saa nne. Betri yake ya volti 12 na saa-ampea 7 ina wati-saa 84 kwenye karatasi, na mfumo wa kamera nane pamoja na kompyuta na suichi hula wati 100 au zaidi kidogo. Nusu saa ni bahati. Kazi halisi ya UPS hiyo ni kuipa mashine muda wa kufunga mafaili na kujizima kwa adabu, kazi ambayo kompyuta iliyounganishwa nayo kwa kebo ya USB inaweza kuifanya yenyewe. Anayetaka kurekodi giza lote anunue betri kubwa: ya saa-ampea 100, ukitumia nusu yake tu ili idumu, itakupa takribani saa tano. Na mpangilio mmoja usisahaulike ndani ya kompyuta, ule wa kuiamuru iwake yenyewe umeme unaporudi. Bila huo, umeme ukikatika Ijumaa usiku ukarudi baada ya dakika kumi, mashine itabaki imezimika hadi mtu aje Jumatatu.

Sasa swali la kujenga. Kwa nini mtu ajisumbue na kompyuta wakati boksi la DVR linauzwa likiwa tayari? Jibu la kweli ni kwamba wengi wasijisumbue. Boksi hula umeme mdogo, halina Windows ya kujisasisha usiku wa manane na kujizima, na fundi yeyote wa mtaani analijua. Kompyuta ina maana pale mahitaji yanapozidi boksi: kamera za kampuni mbalimbali, diski mbili zinazobeba rekodi ileile ili moja ikifa nyingine ibaki, au mtu anayetaka kujua mashine yake inafanya nini hasa. Lakini anayechagua njia hiyo akubali kwamba ameajiriwa. Programu kama ZoneMinder, inayotumika kwenye Linux tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni ya bure na ina nguvu, nayo imewatoa jasho wengi kwa jambo moja dogo. Katika matoleo yake ya zamani kila kamera hutengewa fremu kadhaa ndani ya kumbukumbu ya pamoja ya kompyuta zikiwa hazijagandamizwa. Fremu moja ya 1920 kwa 1080 ina megabaiti 8.3, fremu 50 ni 415, kamera nane ni gigabaiti 3.3. Linux kwa kawaida hutenga nusu ya RAM kwa kazi hiyo, kwa hiyo kompyuta yenye gigabaiti 4 inatoa 2 tu. Matokeo yake, kamera nne za kwanza zinaonekana, ya tano inakuwa nyeusi, na fundi anapanda ngazi kwenda kubadilisha kamera ya tano.

Kosa la aina hiyohiyo hutokea kwenye prosesa. Programu ya kugundua mtikisiko inataka kuifungua kila fremu na kuilinganisha na iliyotangulia, na ikilazimishwa kufanya hivyo kwa picha kubwa za kamera nane, kompyuta ya zamani inafika asilimia 100, feni zinapiga kelele, na rekodi zinarukaruka. Kamera nyingi za leo hutoa mikondo miwili ya picha, mkubwa na mdogo. Mkubwa upelekwe moja kwa moja kwenye diski bila kufunguliwa. Mdogo ndio uchunguzwe. Kompyuta iliyoshindwa asubuhi itapumua mchana huohuo, bila senti kutumika. Natoa mifano hii miwili kwa sababu ina umbo moja: tatizo linaonekana kwenye picha ya kamera, chanzo kiko kwenye mashine. Anayeanza uchunguzi wake kutoka diski, umeme na kumbukumbu, kisha kebo, na kamera mwisho kabisa, atapanda ngazi mara chache.

Halafu kuna saa. Betri ya sarafu ya CR2032 ndani ya kompyuta, kitu cha bei ya chupa ya soda, ikifa, mashine iliyozimika huamka ikidhani iko mwaka mwingine. Maboksi mengi yanayotoka China huja yakiwa yamewekewa saa ya kule, ambayo iko saa tano mbele ya Afrika Mashariki. Ongeza na mazoea yetu: mlinzi anaandikisha kituoni kwamba wezi waliingia saa nane usiku, mashine imeandika 02:00, na kijana aliyetumwa kutafuta picha anafungua 08:00 na kurudi akisema hakuna kitu. Mashine iliyounganishwa na intaneti inaweza kujirekebisha saa yenyewe kila siku. Isiyounganishwa ikaguliwe kwa simu kila wiki, na tofauti iandikwe. Hili lina uzito mahakamani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015, katika kifungu cha 18, inaielekeza mahakama ipime kama namna taarifa ilivyotengenezwa na kuhifadhiwa inaaminika, na kama uzima wake umelindwa. Kenya, kupitia kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, inadai cheti kinachoeleza kifaa kilichotoa rekodi. Sheria zote mbili zinauliza habari za mashine. Hakuna inayouliza kamera ina megapikseli ngapi.

Anayetaka kufuta ushahidi analijua hili vizuri kuliko anayenunua kamera. Mwizi mwenye uzoefu huing'oa DVR chini ya kaunta na kuondoka nayo, akiziacha kamera zote nane zikimtazama. Juni 2025, Albert Ojwang alipofariki mikononi mwa polisi katika Kituo Kikuu cha Nairobi, Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliiambia Seneti kwamba mfumo wa kamera wa kituo ulikuwa umechezewa na diski zake kubadilishwa. Mashine ya kurekodi ikae kwenye kabati la chuma lililofungwa, mbali na chumba cha pesa, na funguo zisiwe kwa mtu anayerekodiwa. Mlango wa pili wa kuingilia ni intaneti. Mwaka 2016 virusi vya Mirai vilivamia kamera na DVR kote duniani kwa kujaribu orodha fupi ya nywila za kiwandani ambazo wenye vifaa hawakuzibadilisha, na mnamo 21 Oktoba jeshi hilo la vifaa liliiangusha kampuni ya Dyn ya Marekani na kuzima tovuti kubwa kwa saa kadhaa. Wamiliki wengi hawakujua. Picha zao ziliendelea kuonekana. Ubadilishaji wa nywila siku ya kwanza haugharimu kitu, na yeyote anayetaka kutazama duka kutoka mbali apitie njia iliyofichwa ya VPN badala ya kuuacha mlango wa ruta wazi.

Yapo mapingamizi mawili yaliyobaki. La kwanza linasema yote haya yamepitwa na wakati, picha zipelekwe mawinguni kwenye sava za watu wengine. Kwa kamera moja ya geti, inayotuma vipande vifupi vya tukio, sawa, na nakala ya nje ya duka ni bima nzuri dhidi ya mwizi wa DVR. Kwa kamera nane zinazorekodi muda wote, hizo ni megabiti 32 kila sekunde za kupandisha, usiku na mchana, terabaiti zaidi ya 10 kwa mwezi. Mwenye bando anaweza kumaliza hesabu hiyo mwenyewe. La pili ni zito zaidi: kurefusha rekodi ni kurefusha udukuzi wa maisha ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, zote zinakataza kuweka taarifa za mtu kupita muda unaohitajika. Nakubaliana nazo, na naona zinaunga mkono hoja hii. Mwenye mashine asiyejua inabeba siku ngapi hawezi kusema kama ametimiza sheria au ameivunja. Aliyepanga siku 30 kwa sababu anahesabu mali kila mwezi, akaweka kibao mlangoni na kuzuia wafanyakazi wasizipitie picha kwa umbea, ana jibu la kumpa mkaguzi na mteja pia.

Gharama hubaki kuwa kilio, na ni kweli kwamba diski kubwa, UPS na kabati vinaweza kula bei ya kamera tatu. Basi zipunguzwe kamera. Kwa kipimo kilichozoeleka, kumtambua mtu asiyejulikana kunahitaji pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa eneo linaloonekana. Kamera ya pikseli 1920 inaweza hilo kwa upana usiozidi mita 7.7. Kamera iliyotandazwa juu ya uwanja wa mita 20 itaonyesha kwamba mtu alipita, na haitasema ni nani. Mbili zilizoelekezwa mlangoni na kwa keshia, zenye mashine isiyokosa siku, zinaishinda nane zinazotazama kila kitu na kusahau.

Kabla ya kumpigia fundi simu ya kuongeza kamera, fungua mashine uliyonayo na uitafute saa nane usiku ya siku 14 zilizopita, kwa kila kamera. Angalia kama picha ipo, kama haina matobo, kama saa iliyoandikwa ni sahihi, na kama unaweza kuinakili kwenye flashi ikachezwa kwenye kompyuta nyingine. Fanya hivyo kila mwezi, siku ileile unayohesabu mali. Ikikosekana, fedha ya kamera mpya ipeleke kwenye diski.